Kujua kwa Ajili ya Mtihani

Nilikuwa nyumbani nikidurusu bayokemia kwa mtihani wa chuo. Nilikariri: insulini ikikosekana, mwili huvunja mafuta, ini hutengeneza ketoni, na asetoni hutoka na pumzi, yenye harufu ya tunda lililoiva.

Chumba cha pili mama aliomba maji, mara ya nne usiku ule. Kisukari chake tulikuwa bado hatujakijua. Nilimpelekea maji, nikasikia pumzi yake ina harufu tamu. Nikadhani amekula embe, nikarudi kwenye daftari. Alfajiri hatukuweza kumwamsha. Hospitalini walimwokoa, kwa shida.

Swali la ketoni lilitoka. Nikapata alama zote.

Ndugu msomaji, je, nilikuwa ninajua? Asiyejua husamehewa; mimi jibu nilikuwa nalo, nikamwekea msahihishaji. Mama hajaniuliza, nami sijamwambia.