Hiyo Jadi Ndiyo Nani?

Mteja wa siku hizi haji karakana na maneno, huja na simu. Nililiona hilo likizo niliyoshinda kwenye karakana ya rafiki yangu, fundi seremala wa Biharamulo mjini. Mtu hufungua picha ya kochi lililoko Dubai au Istanbul, huikuza kwa vidole viwili, kisha husema: "Fundi, nataka kama hili, ila bei iwe ya hapa." Fundi hukadiria mbao na sponji, wanapatana, kazi inaanza. Hakuna anayeuliza ni nani aliyelichora kochi hilo mara ya kwanza.

Mimi niliuliza, na kwa kuuliza huko nikajiona bora kuliko wao. Nasoma shahada ya uzamili katika falsafa, na kwenye simu yangu nilikuwa na picha za wabunifu wa samani niliowahusudu, kila picha na jina lake. Wa kwanza alikuwa Hans Wegner wa Denmark, mtoto wa fundi viatu aliyezaliwa mwaka 1914 na kuanza kujifunza useremala akiwa na miaka 14. Mwaka 1949 alichora kiti ambacho mgongo wake una umbo la herufi Y. Sehemu yake ya kukalia husukwa kwa mkono, kwa kamba ya karatasi ya mita 120 hivi, na mpaka leo kiti hicho kinatengenezwa. Nilimsimulia rafiki yangu habari za Wegner kama mtu anayemsimulia mjomba wake.

Likizo hiyohiyo nilikwenda nyumbani Ngara, nikapita kumsalimia mzee mmoja jirani ya bibi yangu. Alinikalisha kwenye kigoda alichokichonga mwenyewe kwa tezo kutoka kwenye gogo moja: juu pamebonyea kidogo, kiuno chembamba, na chini miguu mitatu iliyotawanyika. Nilikipiga picha pande zote. Sikumwambia kwa nini, naye hakuuliza. Niliporudi Biharamulo, rafiki yangu akachonga cha kufanana nacho kwa mninga, tukakipaka vanishi, nami nikaiweka picha mtandaoni na maneno haya: "Kigoda cha jadi cha Ngara. Ubunifu wetu." Tukapata oda ya vigoda sita kutoka kwa mwenye nyumba ya wageni.

Haikupita miezi miwili, vinne vikapasuka. Mteja alidai fedha zake, na alikuwa na haki.

Nikapanda gari kwenda Ngara, nikipita Lusahunga, Nyakahura na Benako, nikipanga namna ya kumuuliza mzee siri ya kigoda chake bila kumweleza niliyoyafanya. Sikupata nafasi hiyo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeonyeshwa kigoda changu kwenye simu," alisema. Kijana mmoja wa pale nyumbani alikuwa ameiona picha na kumsomea maandishi. "Wameandika ni cha jadi. Hiyo jadi ndiyo nani?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujulishwa huyo Jadi ni mtoto wa nani na anakaa kijiji gani. Nami, msomi wa falsafa, sikuwa na jibu.

Nimelifikiria swali lake kuliko maswali mengi niliyoulizwa darasani. Kuiga peke yake si kosa. Wegner mwenyewe, kabla ya kile kiti cha 1949, alichora mwaka 1944 kiti alichokipata kwa kuvitazama viti vya Wachina vya enzi ya Ming. Hakuficha, kiti hicho kinajulikana kama kiti cha China. Lakini tazama vizuri: Mdenmaki ana jina, maseremala wa Kichina wamekuwa nchi. Katika miaka ya 1920, Mfaransa Pierre Legrain aliwatengenezea matajiri wa Paris vigoda vilivyofuata viti vya Afrika. Katika makumbusho, Legrain anatajwa kwa jina, ilhali wachongaji waliomtangulia mara nyingi hutajwa kwa kabila tu. Nilikuwa nimeyasoma hayo na kuyalalamikia. Kisha nikayafanya mwenyewe, kwa mtu aliyenikalisha nyumbani kwake. Wa mbali nilimwita mbunifu, wa karibu nikamwita utamaduni.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ina nguvu. Kigoda cha miguu mitatu hakikubuniwa na mzee yule. Kimekuwepo kabla ya babu yake, kiko ng'ambo ya mpaka kwa Warundi na Wanyarwanda, na hakuna mwenye hati yake. Kukiita cha jadi si uongo. Nakubali. Lakini jadi haina mikono. Kila mara inapopita, inapita kwenye mikono ya mtu fulani, na mtu huyo huongeza kiuno hapa, hupunguza uzito pale, hukosea, hurekebisha. Nikisema "jadi" ili niutaje umma, sina kosa. Nikisema "jadi" ili nisimtaje mtu, hapo nimeiba, hata kama kilichoibwa hakina hati.

Na wizi wa namna hii humwadhibu mwizi pia. Katika kitabu cha 10 cha Jamhuri, Plato anazungumzia kitanda: seremala hukitengeneza, mchoraji huchora jinsi kinavyoonekana tu. Nilipolisoma hilo niliona Plato anawaonea wachoraji. Sasa naona alikuwa ananisema mimi. Nilichukua sura ya kigoda, nikaacha sababu zake kwa mzee.

Sababu alinipa siku ile, bila mimi kustahili. "Mliacha moyo wa mti ndani?" Tuliacha. Gogo hupasuliwa kwanza, akasema, moyo ukabaki nje. Huchongwa likiwa bichi, kisha kigoda hukaa kivulini, mbali na upepo, kikauke polepole. Nje kukitangulia kukauka kuliko ndani, mti hujipasua wenyewe. Na miguu ni mitatu kwa sababu sakafu ya udongo haijawahi kuwa sawa. Minne huyumba, mitatu haiyumbi.

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nitaandika upya, safari hii kwa jina lake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba naye alijifunza kwa kutazama kigoda cha mtu wa ng'ambo ya Ruvubu, miaka mingi iliyopita. Akamtaja kwa jina, na jina la baba yake. "Cha kwanza kilichosimama bila ufa nilimpelekea yeye. Akakikalia. Hapo ndipo nikaanza kuuza."

Basi hilo ndilo sharti alilonipa: jina lake nisiliandike mpaka nimpelekee kigoda nilichochonga mwenyewe, akikalie. Ndiyo maana hulioni hapa. Picha ile nimeiondoa, na fedha za mteja tunazirudisha kidogo kidogo.

Mpaka sasa nimechonga viwili, na vyote vimepasuka. Cha tatu kiko chini ya kitanda changu, nimekifunika gunia. Kila asubuhi nakivuta, nakigeuza, nautafuta ufa kwa kidole.