Mwenye Kutoa Saa Zake na Mwenye Kutoa Shamba Lake

Liko suala moja ambalo wengi hulipita kwa haraka, nalo lataka kusimamiwa. Mtu ajitoleaye kutazama ndege, miti na maji ya kwao, wala asipate ujira ila uchovu wa miguu, je, ana haki ya kumwambia jirani yake aache sehemu ya shamba lake ibaki kinamasi? Yeye hutoa saa zake. Jirani hutakiwa kutoa riziki yake. Viwili hivi havilingani, na asiyekiri hayo hafai kuwa msemaji wa jambo hili.

Tulitazame mahali lilipo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Nyamira watu 605,576. Kisii peke yake ilikuwa na watu wapatao 957 katika kila kilomita moja ya mraba. Mashamba yamegawanywa kwa warithi, kizazi baada ya kizazi, hata mengi yamekuwa vipande vyembamba vishukavyo kutoka kilimani hadi mtoni. Huko chini, penye maji na majani marefu, ndiko korongo taji ajengako tundu lake. Na huko huko ndiko mwenye shamba aonako tamaa yake ya mwisho: afyatue matofali, atoe maji apande mboga, au apande mikaratusi. Mti huu uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kuni zake ziendeshe magari ya moshi. Leo huuzwa kwa nguzo, kwa mbao, na kwa kuni za viwanda vya chai. Humea upesi na hulipa karo ya mtoto. Lakini hunywa maji mengi, na ukipandwa kinamasini, kinamasi hukauka.

Basi mwenye shamba husema: “Huyu aliyekuja na darubini na daftari, mwanawe akifukuzwa shule, korongo watamlipia?” Neno hili ni zito, wala halijibiwi kwa kumwita msemaji mjinga.

Jawabu yetu ni kuwa yapo mambo matatu ambayo watu huyachanganya: kushuhudia, kushauri, na kuamrisha.

Ama kushuhudia, hiyo ni haki ya ajitoleaye, bali ni wajibu wake. Korongo taji ni ndege wa umri mrefu. Huweza kuonekana bondeni mwaka baada ya mwaka, wawili wawili, mpita njia akadhani mambo ni salama, kumbe ni wale wale wakongwe, na hapana kinda hata mmoja aliyekua. Afisa ajaye mara moja kwa mwaka hawezi kulijua hilo. Hulijua yule akaaye jirani, arudiye pale pale kila juma, akahesabu mayai mawili au matatu, kisha akahesabu makinda waliobaki. Mwaka 2012 ndege huyu alitiwa duniani katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka. Na khabari za namna hiyo hukusanywa kwa macho ya watu wengi, wengi wao wasiolipwa. Hapa Kenya desturi hiyo si ngeni: chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe vya Afrika Mashariki kiliundwa Nairobi tangu mwaka 1909.

Na ushahidi ni amana. Asiyeona kitu na aandike kuwa hakuona; sifuri ya kweli ina faida kuliko kumi za uwongo. Asiongeze idadi ili bonde lake lisifiwe, wala asipunguze ili watu waogope. Tena asitangaze tundu lilipo, kwani wako waibao makinda wakawauze. Mwenye kutangaza mahali pa tundu ili aonekane hodari, amefanya khiyana kwa kile alichokuja kukilinda.

Ama kushauri, ni halali kwa sharti: mshauri naye abebe sehemu ya mzigo. Si insafu kumwambia mtu, “Ng'oa mikaratusi yako leo,” kisha ukaenda zako. Yamkini kumwambia: “Ingoje ikomae, uivune, uuze, kisha visiki tusiviache vichipue, nasi tutakuja na majembe na miche ya miti ya asili.” Yamkini kumwomba aache ukanda mmoja tu kando ya maji, na majani yake ayakate ya ng'ombe baada ya makinda kuondoka. Anayetoa saa zake na azitoe hapo pia, katika jembe, si katika darubini tu.

Ama kuamrisha, hiyo si kazi yake. Iko sheria na wako wenye kuisimamia. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, imemwajibisha kila mtu kushirikiana na vyombo vya dola na watu wengine katika kuhifadhi mazingira. Kushirikiana si kutawala. Ajitoleaye akianza kutembea mashambani kama askari, watu watamficha wayajuayo, na daftari lake litabaki tupu.

Lakini mwenye shamba naye asidhani kuwa haki yake haina mpaka. Maji ya Mto Gucha huanza katika milima ya Nyamira, yakapita Kisii na Migori, hata yakaingia Ziwa Victoria. Kinamasi huyazuia wakati wa mvua na kuyaachilia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Akikiua, hakuuza chake peke yake. Ameuza na kisima cha mtu wa chini asiyemjua. Kwa hiyo yule wa chini naye hana budi kuchangia hasara ya yule wa juu. Haki haiwi kwa mmoja kulipa na wengine wote kunywa.

Natija ni kuwa kutolipwa hakumpi mtu ubora juu ya jirani yake. Thamani ya kazi yake ni ukweli wa anachokiandika, na utayari wake wa kusikiliza neno la mwenye shamba na kuliandika nalo katika daftari lile lile, kando ya hesabu ya makinda.