Je, Macho Yana Deni?

Kutazama uzuri wa milima na msitu ni jambo jema, wala hapana amri ya Mungu inayolikataza. Mwizi huchukua mali ya mwenzake. Mtazamaji hachukui kitu. Watu mia wakiutazama mlima, mlima haupungui. Hivyo ndivyo tulivyofikiri sisi nasi, mpaka siku ile mzee mmoja alipotuuliza neno.

Kabla vita havijaingia Bukavu mwaka wa 2025, sisi wakatekista wanne tulitoka mjini humo asubuhi kwa motokari ya parokia, kwenda kutembea na kurudi jioni. Tulifuata Ziwa Kivu, na kufika Miti tukakata kushoto, tukashika barabara ya Walikale. Tulipita mashamba ya chai. Kisha baridi ikaanza, na huko Tshivanga tukaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Barabara hupita ndani ya msitu wenyewe: mianzi huku na huku, ukungu mabondeni, na juu yake mlima Kahuzi, wenye mita 3,308. Tukasimamisha motokari, tukanyamaza. Mmoja wetu akavua kofia, kana kwamba tumo kanisani.

Jioni, tulipokwisha kutoka katika hifadhi, tulisimama penye vijumba vya Batwa kando ya barabara. Mzee mmoja akatusalimu, akauliza: «Wanangu, huko kwetu mmeona nini?» Tukamjibu: «Baba, tumeona mianzi, ukungu na mlima.» Akasema: «Na kaburi la baba yangu, mmeliona?» Tukakosa jibu.

Maana hifadhi ile iliundwa mwaka wa 1970 ili kulinda gorila, na katika miaka iliyofuata Batwa, waliokaa msituni tangu babu zao, walitolewa bila malipo. Basi ule ukimya tuliousifu haukuwa kazi ya Muumba peke yake. Sehemu yake ilifanywa na watu, kwa kuwafukuza watu.

Njiani mwenzetu mmoja alipinga: «Kama watu wote wangeachwa waingie, msitu si ungekwisha? Na gorila si viumbe vya Mungu?» Neno lake si la kupuuzwa. Tangu mwaka wa 1997 UNESCO imeiandika hifadhi hiyo kati ya urithi wa dunia ulio hatarini. Na baadhi ya Batwa waliporudi humo mwaka wa 2018, miti ilikatwa, tena Batwa na walinzi waliuawa. Lakini jambo jema halitakaswi kwa dhuluma iliyolizaa. Mwaka wa 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: Serikali ilivunja haki za Batwa, nayo yapaswa kuwarudishia ardhi yao. Kuulinda msitu ni wajibu. Kumnyima mtu haki yake si sehemu ya wajibu huo.

Basi kosa letu lilikuwa wapi? Halikuwa katika kutazama. Katika mfano wa Msamaria mwema, kuhani na Mlawi nao walikuwa wasafiri, na macho yao hayakuwa na ugonjwa. Walimwona mtu, wakapita kando. Sisi hata mtu hatukumwona; tuliona mianzi tu. Anayefurahia mahali pazuri ana deni la kuuliza: nani alikuwa hapa, naye yuko wapi leo?

Kumrudishia mzee msitu wake hatuna uwezo. Lakini twaweza kuacha kumwita mwizi anapookota kuni, na kuwaeleza kweli yote watoto tunaowafundisha. Deni lisilotajwa halilipwi.

Tulipomwaga, mzee hakutuomba fedha. Alituomba tukipita tena msituni, tumwombee baba yake. Hilo tumelifanya. Mengine bado.