Leseni ya Nyumbani Mfukoni mwa Mtu wa Ng'ambo

Katika nyumba nyingi za nchi yetu siku hizi yumo mtoto mmoja, au ndugu, aliyevuka bahari. Yuko Muscat au Dubai kwa kazi. Yuko Ujerumani kwa masomo. Yuko Uingereza akihudumia wagonjwa. Yuko Marekani na huko amekwisha kuoa. Alichochukua siku ya kuondoka kilikuwa kidogo, lakini katika kidogo hicho ilikuwamo leseni yake ya kuendesha motokaa, aliyoipata hapa kwa jasho lake. Miaka yapita. Kisha siku moja yaja habari kutoka kwake: "Baba, leseni yangu yakaribia kwisha. Nifanyieni mpango huko."

Neno hilo "mpango" ndilo tunalotaka kulitazama leo pamoja na wasomaji wetu. Wengine watasema kwamba kikadi kinachoingia mfukoni hakistahili kupewa ukurasa huu, na kwamba mambo ya leseni ni ya askari na makarani. Sisi hatuoni hivyo. Ndani ya kikadi hicho limo swali ambalo kila mzazi amewahi kulijibu mbele ya mtoto wake, yaani kama ni halali mtu kusema yupo mahali asipokuwapo, iwapo kwa kusema hivyo hamwibii mtu shilingi hata moja.

Kwanza yatupasa kujua leseni ni kitu gani. Kule Uingereza sheria ya mwaka 1903 ilimtaka kila dereva awe na leseni, lakini hakuna aliyemwuliza kama ajua kuendesha. Alilipa shilingi 5, akaandikwa jina lake, basi. Ni mwaka 1935 tu ndipo jaribio la udereva lilipofanywa la lazima kwa madereva wapya. Kwa miaka 32 basi, leseni ilikuwa risiti. Tangu jaribio lilipowekwa ikawa kitu kingine kabisa: ikawa ushuhuda. Serikali yamwambia kila mtu apitaye barabarani, mama aliyejitwika kuni, mtoto aendaye shule, kijana wa bodaboda: "Huyu anayekuja mbele yako tumemjaribu." Sisi hatuwezi kumsimamisha kila dereva tukamtahini kabla hajatupita. Twaamini tu. Kwa hiyo leseni si mali ya mtu kama viatu vyake vilivyo mali yake. Ni neno lililosemwa juu yake, nalo limesemwa kwa ajili ya watu asiowajua.

Mtu akivuka mpaka, neno hilo lasemwa na nchi moja na kusikiwa na nchi nyingine. Ndiyo sababu mataifa yalipatana, baada ya vita kuu ya pili katika mapatano ya Geneva ya mwaka 1949, na tena katika yale ya Vienna ya mwaka 1968, kwamba yatasadikiana juu ya madereva. Humo ndimo kilimo kile kijitabu kiitwacho leseni ya kimataifa. Watu wengi hudhani kijitabu hicho ni leseni kubwa kuliko ya nyumbani. Sivyo. Ni tafsiri tu ya leseni ya nyumbani, ili askari wa nchi ya kigeni aweze kuisoma. Cha Geneva hudumu mwaka 1. Cha Vienna hakizidi miaka 3, wala hakiwezi kuishi kupita leseni ya nyumbani iliyokizaa. Mama akifa, mtoto naye amekufa.

Lakini mapatano hayo yaliwekwa kwa ajili ya mpita njia. Yale ya Vienna yasema wazi kwamba nchi hailazimiki kuikubali leseni ya kigeni ya mtu ambaye amekwisha kuhamishia makao yake ndani ya nchi hiyo. Wazee wetu walikuwa na sheria hiyo kabla ya Vienna: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ujerumani humpa mgeni miezi 6 tangu afanye makao yake huko. Uingereza humpa miezi 12. Baada ya hapo jembe ni la huko huko, na leseni ni ya huko huko.

Hapa vijana wetu hulalamika, nasi twawaelewa. Uingereza inayo orodha ya nchi za mbali ambazo leseni zao hubadilishwa bila jaribio. Afrika Kusini na Zimbabwe zimo, Kenya na Tanzania hazimo. Mtu aliyeendesha lori miaka kumi kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma, akijua kila kona ya Kitonga, huambiwa akae darasani na vijana wa miaka 17 kujibu maswali ya alama za barabarani. Kule Ujerumani masomo na mitihani hiyo mara nyingi hupita euro 2,000, nazo ni fedha ambazo angaliweza kuziezekea nyumba ya mama yake. Hatusemi kwamba orodha kama hizo zimeandikwa kwa haki tupu. Lakini mwenye nyumba anayo haki ya kumtahini mpishi wake, hata mpishi mzee. Na barabara yenye theluji na barafu haimjui mtu wa Kitonga.

Ndipo linapokuja jaribu la kwanza. Kijana hujiambia: nitaihuisha leseni ya nyumbani, nitaendelea kuendesha, na askari akinisimamisha nitasema ndiyo kwanza nimefika. Kadi yake ni halali, maneno yake si ya kweli. Tena kadi hiyo haimwokoi, maana muda ule ukiisha kupita, machoni pa sheria ya huko yeye ni mtu asiye na leseni. Akimgonga mtu, kampuni ya bima yaweza kukataa, au yaweza kulipa kisha ikamgeukia yeye na kumdai yote. Na kama hakuna alipaye, yule aliyevunjika mguu atalipwa na nani? Juu ya jaribu hili hatuna haja ya kusema mengi.

Jaribu la pili ndilo gumu, maana lafanyika nyumbani na lafanana na mapenzi. Mtoto ataka leseni ya hapa iendelee kuwa hai kwa sababu njema. Atakuja likizo. Ataitwa ghafula kwa mazishi. Siku moja atarudi kabisa, nasi twaomba arudi. Tena zaidi ya hayo, ile kadi yenye nembo ya nchi yake ni kamba inayomfunga na kwao; kuiacha ife huona kama kukata kitovu mara ya pili. Sasa fomu yamwuliza: wakaa wapi?

Lugha yetu ina bahati ya kuwa na maswali mawili mahali ambapo lugha nyingine hujikanganya. Kuna "Kwenu ni wapi?" na kuna "Wakaa wapi?" Mtu aliyeishi Hamburg miaka ishirini akijibu swali la kwanza kwa kusema "Kwetu Kilosa," amesema kweli tupu, na asiwepo wa kumnyang'anya kweli hiyo. Akijibu swali la pili kwa maneno yale yale, amesema uwongo. Wala asijitetee kwamba moyo wake wakaa Kilosa. Fomu haikuuliza moyo.

Liko na swali la tatu, ambalo watu hulichanganya na la pili: "Barua zako zipelekwe wapi?" Hapo mambo ni tofauti. Nani kati yetu hajatumia sanduku la posta la shule, au la parokia, au la tajiri wake? Huo si uwongo, ni desturi ya nchi ambayo posta haimfikishii kila mtu barua mlangoni. Basi karatasi ikitaka anwani ya kupelekea barua, na aandike sanduku la baba yake kwa dhamiri safi. Ikitaka makao, aandike makao.

Asidhani mtu kwamba tabu hii ni ya nchi zetu tu. Mwingereza aliyehamia Hispania hawezi kuandika anwani ya Hispania katika leseni yake ya Kiingereza. Idara ya huko haikubali anwani ya nchi nyingine, na asiyetoa habari ya kuhama aweza kutozwa faini mpaka pauni 1,000. Kwa hiyo wako waandikao nyumba ya mama, kama hapa kwetu. Kwa upande mwingine, lipo jimbo la Marekani, South Dakota, lililojulikana kwa kuwakubali watu wa kuhamahama wapate leseni wakionyesha risiti ya kulala humo usiku mmoja. Tulipolisikia jambo hilo tulicheka. Lakini tukilipima vizuri twaona kwamba aliyelala usiku mmoja na akasema amelala usiku mmoja hakusema uwongo wowote. Sheria yenyewe ndiyo iliyochagua kudai kidogo. Ubaya haumo katika kupata leseni ukiwa mtu wa mbali. Ubaya umo katika kujibu sivyo unapoulizwa.

Sasa turudi kwenye "mpango." Leseni ya Tanzania hudumu miaka 5, na mwenye kuipata hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Vidole haviletwi kwa barua. Ikiwa basi kadi mpya yenye tarehe mpya imetolewa na mwenyewe yuko Muscat, na hakuna njia ya halali iliyotumika, lazima yupo mtu aliyefumba macho, na macho hayafumbwi bure. Kishoka amepokea chake, karani amepokea chake, na aliyezipeleka fedha hizo ni baba mzee, aliyevaa koti lake la Jumapili ili asionekane mtu wa hovyo. Mtoto aliyefundishwa na baba huyo kwamba kupokea rushwa ni kula haki ya mwingine, leo amemtuma baba huyo huyo akaitoe. Jambo hili latuuma kuliko kadi yenyewe. Twajua mzee hatakataa; nani amkatalie mtoto anayempelekea fedha za dawa kila mwezi?

Tena mambo hayaishi hapo. Karani aliyezoea kuuza tarehe kwa mtu ajuaye kuendesha, kesho atauza leseni nzima kwa mtu asiyejua. Mtu huyo atapewa basi. Basi hilo litabeba abiria kwenda Singida usiku, na miongoni mwao huenda wamo wajukuu wa yule mzee wa koti. Hakuna mlango wa nyuma ambao hufunguliwa kwa watu wema peke yao.

Wako watakaosema kwamba kosa ni la serikali. Wana haki yao kidogo. Nchi inayofurahia fedha ambazo watoto wake huzituma kutoka ng'ambo yaweza kuwafungulia dirisha katika balozi zake, wapigwe picha na kutoa vidole huko huko, tena isiwaulize kama wakaa hapa bali kama ni raia na kama walifaulu jaribio. Fomu ikiuliza swali lisilo na haja, yawavuta watu wema katika uwongo, na mwandishi wa fomu hiyo naye anayo sehemu yake katika lawama. Twalisema hili kwa wenye mamlaka bila kuzunguka. Lakini mpaka dirisha hilo lifunguliwe, leseni iliyokwisha muda si aibu. Haimfanyi mtu mgeni katika nchi yake. Akija likizo, na atenge siku moja, akapange foleni kama wenzake, alipe, atoe vidole vyake. Likizo ya wiki tatu yatosha kwa hilo.

Na hata akiwa na kadi mpya, mikono yake je? Oman, Dubai, Ujerumani na Marekani huendesha upande wa kulia, kama wafanyavyo Rwanda, Burundi na Kongo. Sisi na Kenya na Uganda twafuata kushoto. Sweden ilipohama kutoka kushoto kwenda kulia, tarehe 3 Septemba 1967, taifa zima lilitayarishwa kwa miaka. Magari mengi yalikatazwa kutembea saa zile za mageuzi, na yaliyoruhusiwa yalisimama kwanza, yakahama pole pole, kisha yakasimama tena. Mtoto wetu huhama upande wake kwa saa nane za ndege, bila mtu wa kumtayarisha. Anafika usiku, macho mekundu, na ndugu zake kwa furaha wamtupia ufunguo wa motokaa pale pale uwanjani, ati ni heshima.

Twawaomba ndugu hao wamwache ufunguo yule mdogo wao aliyeendesha njia hiyo jana na juzi. Mgeni mwenyewe, kwa mazoea ya huko atokako, ataufuata mlango wa kushoto, naye ataukuta hauna usukani. Mwacheni akae hapo hapo.