Kungojana Dundori

Barabara ya kutoka Lanet kwenda Ol Kalou humpima mwendesha baiskeli mapema. Nyuma yake linabaki jiji la Nakuru, lililo kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, pamoja na ziwa lake. Mbele, barabara inaukwea ukingo wa Bonde la Ufa hadi Dundori, kisha inaingia Nyandarua, nchi ya viazi, kabeji na maziwa. Ol Kalou, makao makuu ya kaunti hiyo, uko juu ya mita 2,300. Marafiki waliotoka Lanet bega kwa bega wakipiga soga huanza kunyamaza, mmoja baada ya mwingine. Gia zinashushwa. Haupiti muda mrefu kundi limekatika vipande: wawili wametangulia wasikoonekana, watatu wanne wako katikati, na mmoja yuko nyuma kabisa na pumzi zake.

Je, hao bado wanasafiri pamoja?

Jibu jepesi ni kwamba wako pamoja kwa kuwa walianza pamoja na watamaliza pamoja. Lakini abiria wa matatu moja nao huanza na kumaliza pamoja, na wakishuka stendi kila mtu hushika njia yake bila hata kujua jina la aliyekaa naye. Kuna kitu zaidi kinachodaiwa na safari ya marafiki, na mlima ndio mahali pa kukitafuta.

Kwenye tambarare kitu hicho hakionekani, kwa sababu huko upepo huwafunga watu pamoja wapende wasipende. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, na anayekwenda kilomita 40 kwa saa hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuisukuma hewa tu. Anayejibanza nyuma ya gurudumu la mwenzake huweza kuokoa hadi theluthi ya nguvu hizo, ndiyo maana kundi lililozoeana hupokezana zamu ya kuongoza. Kila mmoja ana faida ya kukaa karibu na mwingine. Mlimani hesabu hiyo inakufa. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa hewa haimzuii mtu kwa kiasi cha maana. Mzigo karibu wote ni uzito wa mwili na baiskeli, na mzigo huo hakuna wa kumpokea. Dunia iliyaona hayo Kigali mwezi Septemba 2025, mashindano ya ubingwa wa dunia ya barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Njia ya wanaume ilikuwa ya kilomita 267.5, vilima juu ya vilima. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda akiwa peke yake, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu.

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kinachoitwa kwa jina la Nikomako, alitenga aina tatu za urafiki: wa manufaa, wa raha, na ule ambao mtu humtakia mwenzake mema kwa ajili ya mwenzake huyo. Aina mbili za kwanza, alisema, huvunjika sababu yake inapokwisha. Mlima wa Dundori huziondoa sababu zote mbili kwa mpigo. Manufaa yameishia bondeni pamoja na upepo, na raha ya mazungumzo imekatizwa na uhaba wa pumzi. Aliye mbele hana tena anachokipata kwa aliye nyuma. Akisimama kileleni kumngoja, hangoji kwa sababu ya faida, na hapo ndipo urafiki wao unapoweza kuonekana bila kuchanganywa na kitu kingine.

Hata hivyo, kungoja peke yake hakuthibitishi lolote. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa akiwa mvulana na David Kinjah kule Kikuyu, aliwahi kungoja mbele ya macho ya ulimwengu mzima. Ilikuwa Julai 2012, katika Tour de France, kwenye mlima wa La Toussuire. Froome alimwacha kiongozi wa timu yake, Bradley Wiggins, kisha akapunguza mwendo baada ya kuagizwa kwa redio. Wiki moja baadaye, mlima wa Peyragudes, alionekana tena akigeuka nyuma na kumhimiza Wiggins amfuate. Wiggins alitwaa ushindi wa mwaka huo. Froome akawa wa pili kwa tofauti ya dakika 3 na sekunde 21, kisha akaja kushinda mara nne yeye mwenyewe. Alichofanya mwaka 2012 kilikuwa kazi, nayo ni kazi ya heshima. Lakini aliyeamriwa kungoja ametoa utii. Anayengoja Dundori hana redio sikioni wala mshahara mwisho wa mwezi. Anatoa muda wake mwenyewe.

Muda huo ni kitu gani hasa? John Mbiti, mwanateolojia na mwanafalsafa kutoka Kitui, aliandika mwaka 1969 katika African Religions and Philosophy kwamba katika mapokeo ya Kiafrika wakati hufanywa na matukio, na kwamba mtu anayeonekana amekaa tu huenda hapotezi wakati bali anautengeneza. Nadharia yake imepingwa, hasa pale aliposema wakati ujao haukuwa na uzito mkubwa katika mapokeo hayo. Kwame Gyekye wa Ghana ni mmoja wa waliomkosoa. Lakini kwa jambo hili dogo la kileleni, Mbiti ana la kufunza. Kwa saa ya mkononi, dakika za kungoja zimepotea. Kwa safari yenyewe, dakika hizo ndizo zinazoifanya iwe safari moja badala ya safari sita zilizopita barabara moja.

Ufaransa ilishawahi kugombana juu ya jambo hili. Mwaka 1904 Henri Desgrange, aliyeanzisha Tour de France mwaka mmoja kabla, alianzisha nchini humo matembezi marefu ya baiskeli yaitwayo Audax, ambayo kundi lote lilikwenda kwa mwendo mmoja uliopangwa nyuma ya kapteni wa barabara. Mwaka 1921 mzozo ukazuka, na Audax Club Parisien ikaanza safari ambazo kila mtu huchagua mwendo wake mradi afike ndani ya muda uliowekwa. Aina zote mbili zipo hadi leo. Ya kwanza hulinda umoja kwa kuibana miguu. Ya pili huiachia miguu uhuru, na umoja ukawa hiari ya kila mtu. Kwenye mlima kama wa Dundori ya kwanza ni ngumu kuitimiza, maana mwendo unaomfaa mmoja humvunja mwingine. Imebaki hiari.

Na hiari ina uonevu wake, ambao waendeshaji wengi wamewahi kuuona na wachache huutaja. Waliofika kileleni kwanza wamekunywa chai, wamekula mandazi, wamevaa makoti kwa sababu jasho limeanza kupoa. Wa mwisho anatokea akihema. Wote wanasimama, wanampigia makofi, na papo hapo wanapanda baiskeli. Aliyehitaji kupumzika kuliko wote ndiye pekee asiyepumzika. Wamemngoja, kweli, lakini kilichongojwa ni kuonekana kwake, na akishaonekana deni linahesabiwa limelipwa. Tena yeye huanza kujiona mzigo, husema twendeni tu, na mlima unaofuata anaukabili akiwa amechoka zaidi na ameaibika zaidi.

Ndiyo sababu kipimo cha kungojana kinapaswa kuanza pale wa mwisho anapofika. Kikundi kinachopanga safari ya kwenda Ol Kalou kinaweza kukubaliana tangu Lanet: mapumziko yatahesabiwa kuanzia wa mwisho alipoegesha baiskeli, chai yake itaagizwa akiwa bado njiani, na waendeshaji wenye nguvu watapokezana zamu ya kufunga mkia ili asikwee peke yake kila mara. Watakaopoa kwa baridi wabebe koti zito. Na ikiwa yeye ndiye mzito kuliko wote, wakati wa kuteremka tena kuelekea Nakuru uzito uleule utamsukuma mbele, na wepesi wa asubuhi ndio watakaohitaji kungojwa bondeni.