Uzee na Rai

Katika Kamina, mji ambamo reli za Lubumbashi, Ilebo na Kabalo hukutana, mstaafu wa reli hufurahi kuitwa mzee msibani, anapokaribishwa kiti na kuombwa hukumu, lakini huudhika aitwapo vivyo hivyo na kijana aliyerithi kazi yake. Wala simlaumu, kwani kinachomchoma si mvi, bali kuondolewa katika shauri. Waluba wa kale wa eneo hilo walilitambua jambo hili: elimu ya lukasa, ubao wa shanga uliohifadhi historia ya wafalme, iliwekwa amana kwa watu wa chama cha Mbudye waliofikia daraja za juu, ambazo hazipandwi kwa papara. Enyi vijana, mnapozungumza mambo ya mtaa, waulizeni wazee rai zao.