Mikono ya Musa Ilishikwa na Wawili

Katika Kutoka 17, Musa alipoinua mikono Israeli walishinda. Alipoishusha, Amaleki wakashinda. Hatusomi kwamba Haruni na Huri walimkemea kwa kuchoka. Walimpa jiwe akalie, wakamshika mikono, mmoja huku na mwingine huku, hadi jua likatua.

Neno hili nimelielewa wodini, mke wangu alipobadilishiwa valvu ya moyo. Kukohoa kulimuuma sana, na ilikuwa lazima akohoe ili makohozi yatoke. Kazi yangu ikawa kumshikia mto kifuani, kumhesabia pumzi na kutembea naye pole pole hadi dirishani. Hiyo pia ni ibada.

Sasa yuko nyumbani hapa Juja. Mfupa wa kifua huchukua kama wiki 6 hadi 8 kuungana, kwa hivyo asibebe mtungi wa maji wala mtoto. Na mwenye valvu ya chuma humeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Ukija kumwona, mwombee, lakini usimwambie imani ni kuacha vidonge. Jiwe halikumpunguzia Musa imani.

Tena kumbukeni, Haruni hakuwa peke yake. Anayeuguza naye huchoka. Jirani akiwa na mgonjwa, usiishie kuuliza hali. Mtekee maji, mpikie, kaa zamu moja naye alale. Wewe ndiwe Huri. Amina.